Acheni kuwapa wanafunzi amri zenye "-y" bila kuwaambia zinafuta nini

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira na sitaificha. Uzi huu nawaandikia wale wanaojiita wataalamu wa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) kwenye magrupu, ambao mtu akiuliza swali wanamtupia mstari mmoja, "bandika hiyo kwenye terminali, itakubali" (terminali ni dirisha la kuandikia amri), halafu hawaonekani tena.

Jana asubuhi kijana wa chuo, mwaka wa tatu, kaniletea kompyuta kibandani kwangu. Inawaka, nembo ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inapita, kisha skrini nyeusi yenye maandishi meupe inaomba jina la mtumiaji. Hakuna madirisha, hakuna cha kubofya. Ananiambia, "Kaka, virusi vimeila kompyuta yangu." Ripoti ya mradi wake imo humo na Jumatatu anatakiwa kuiwasilisha. Macho yamemvimba, usiku kucha hajalala.

Virusi gani! Niliingia kwa jina lake nikafungua faili la /var/log/apt/history.log, maana humo apt, zana ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa programu, inaandika kila inachosakinisha na kila inachoondoa. Juzi, saa tatu na dakika kumi na nne usiku, pameandikwa: apt remove python3 -y. Chini yake inaanza orodha ya vilivyoondolewa, imejaza skrini nzima: ubuntu-desktop (kifurushi cha mazingira ya madirisha), gnome-terminal, update-manager, na inaendelea. Hata terminali aliyokuwa anaandikia amri ile ilikuwa kwenye orodha ya kufutwa.

Kisa chake ni hiki. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, Python ikiwa ni lugha ya kuandikia programu. Mwalimu wao anataka kazi zifanywe kwa 3.12. Kijana kauliza kwenye grupu afanyeje, akajibiwa: toa kwanza ya zamani, ndipo uweke mpya. Huo ni ushauri wa mtu aliyezoea Windows, ambako unafuta toleo la zamani la programu na mengine yanabaki salama. Kwenye Ubuntu ile Python ni sehemu ya nyumba yenyewe. Zana nyingi za mfumo zimeandikwa kwa Python au zinaihitaji ili zifanye kazi, na apt ina kanuni moja haiivunji: ukiondoa kifurushi, inaondoa na kila kinachokitegemea. Umevuta tofali la chini, ukuta wote umekuja.

Na apt haikufanya kwa siri! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukiandika amri ile bila -y, inakutajia kila itakachofuta kwa jina, inakupa na idadi, kisha inasimama na kukuuliza: niendelee, Y au n? Pale ndipo hata mgeni kabisa angeona ubuntu-desktop kwenye orodha akashtuka. Aliyempa amri alimwekea -y, maana yake "jibu ndiyo kwa kila swali". Kamjibia kijana wa watu swali ambalo kijana mwenyewe hakuwahi kuliona.

Msiniambie kosa ni lake, kwamba angesoma. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule wa video za kompyuta mwenye mamilioni ya watazamaji, alikuwa anasakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine inayotumia apt. Apt ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali ndipo iendelee. Akaiandika, na mazingira yake ya madirisha yote yakafutika. Waliotengeneza apt wakaongeza vizuizi baada ya pale. Kama mtu mwenye uzoefu wake wa kompyuta alipita juu ya onyo kubwa namna ile, mwanafunzi aliyeondolewa hata swali dogo la Y/n mnamlaumu kwa lipi?

Jibu sahihi lilikuwa rahisi. Python mbili zinakaa kwenye mfumo mmoja bila ugomvi. Unaongeza hazina ya deadsnakes (ghala la mtandaoni la matoleo mengine ya Python), unasakinisha python3.12 na python3.12-venv, unatengeneza mazingira ya mradi wako, yaani folda yenye Python yake peke yake, kwa python3.12 -m venv, unafanya kazi humo. Ile python3 ya mfumo huigusi. Mistari mitatu minne, na maelezo yake hayajazi hata ukurasa.

Si hilo tu. Mtu akikuta apt inasema imeshindwa kupata lock (kufuli la kuzuia kazi mbili zisigongane), anaambiwa afute faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend. Someni ujumbe wenyewe jamani! Mara nyingi unataja namba ya mchakato na jina unattended-upgr, yaani kompyuta inajisasishia yenyewe viraka vya usalama. Dawa ni kungoja dakika chache. Ukifuta lile faili ukalazimisha kazi ya pili, unapata vifurushi vilivyosakinishwa nusu. Wengine wanagawa chmod -R 777, amri ya kumruhusu kila mtu kusoma, kubadili na kuendesha mafaili yote ya folda, kama peremende. Wengine wanamwambia mtoto achukue skripti ya mtandaoni aimimine moja kwa moja kwenye sudo bash, yaani iendeshwe kwa mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta, wala wao wenyewe hawajaifungua kuisoma.

Mashine ya kijana imerudi. Niliichomekea simu yangu kwa waya wa USB ipate intaneti, nikairudishia ubuntu-desktop, bando langu la GB 2 likaishia hapo. Ripoti yake ilikuwa salama, kwa sababu apt haigusi mafaili ya mtu ndani ya /home. Hela sikumchukua. Lakini alikuwa ameshaanza kuulizia Windows ya kuchakachua, anasema Linux haifai. Tunampoteza mtu namna hiyo, na tatizo halikuwa Linux.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Kabla hujampa mtu amri ya kuondoa kitu, ipige kwanza wewe ukiwa na -s: apt remove -s python3. Haihitaji sudo, haigusi chochote, inakuonyesha tu kitakachotokea. Toa -y. Mwambie kila neno linafanya nini na asimame wapi asome. Huna muda huo? Usijibu, mwache mwingine amjibu.

Mwenye maelezo ya Kiswahili ya amri hizi, hata ya aya moja, ayaweke hapa chini. Mimi leo jioni naanza na apt install, apt remove na apt autoremove.