Waliopunguza mwili na haukurudi: tupeane uzoefu, mlifanyaje?

ChausikuWaTabata
Habari za jioni wakuu. Leo nilikuwa natafuta dera la kwenda msibani, nikafungua sanduku la chini kabisa, nikakutana na gauni la bluu nililoshonesha kwa harusi ya mdogo wangu mwaka 2022. Nimekaa kitandani nalo mkononi robo saa nzima.

Gauni lile fundi alilikata nikiwa na kilo 79. Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa na 90. Asubuhi maji ya ndimu na tangawizi, mchana mayai mawili ya kuchemsha, usiku tango. Wiki ya kwanza peke yake nilishuka kilo nne, nikaona tayari nimeshapata. Harusini nilipendeza, sikatai. Ila baada ya harusi pilau lilikaa nyumbani siku tatu, na nilipoanza kula sikuweza kusimama. Mwaka ulipoisha nilikuwa na 94. Katikati hapo nywele zikaanza kukatika, nikichana zinajaa kwenye kitana, mama akaniambia nitafute mtu aniangalie, huenda nimetupiwa jicho.

Sasa nina 92, urefu sentimita 160, na kliniki wamepima presha mara mbili wakakuta 148 kwa 94. Nimeambiwa nipunguze mwili. Sitaki tena mambo ya wiki sita. Nawaomba nyie mliopunguza na mwaka au miwili imepita haujarudi: siku ya kawaida mnakula nini? Mlishuka kwa kasi gani? Na mliorudi kama mimi, semeni pia.

Kipanga_Jr
Mayai na tango tumepita wengi dada. Nimekaa hapa nasoma.

MfamasiaMstaafu
Binti, pole. Hakuna aliyekutupia jicho. Mwili ukinyimwa chakula ghafla, nywele nyingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, halafu zinaanguka miezi miwili mitatu baadaye, wakati wewe umeshasahau ulijinyima. Zikipata chakula zinarudi.

Na zile kilo nne za wiki ya kwanza zilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika karibu gramu tatu za maji. Ukikata wanga, akiba inatumika, maji yanatoka chooni, mzani unashuka. Ukila wali siku mbili yanarudi yote. Mafuta yenyewe hayaendi kwa mwendo huo. Tarajia nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja.

Kwa kilo 92, asilimia tano ni kilo nne na nusu hivi. Hapo tu presha na sukari huanza kuonyesha nafuu kwa watu wengi. Usianze kuifukuzia 79. Anza na 87, na vidonge vya presha ukipewa meza, usisubiri upungue kwanza.

Shamba_la_Afya
Dada Chausiku njoo inboksi, nina unga wa majani asilia kabisa, kilo 10 ndani ya siku 14, hauna madhara, unaletewa mpaka mlangoni.

Kipanga_Jr
Mmeanza. Mtu kaeleza nywele zimekatika na presha imepanda, wewe unaleta unga.

MfamasiaMstaafu
Chausiku, usiende huko inboksi, nakuomba kama mwanangu. Kuna dawa inaitwa sibutramini, ilikuwa inapunguza hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama majani matupu. Ukinywa kitu ukasikia moyo unakwenda mbio, mdomo mkavu na njaa imekatika kabisa, hayo si majani. Na wewe una presha tayari.

BabaZawadi_Mza
Wakuu, mimi ni mwanaume wa miaka 44, niko Mwanza, kazi yangu ni ya kukaa. Nilitoka kilo 93 hadi 84, ilinichukua miezi kumi na moja, na huu ni mwaka wa pili nacheza kati ya 83 na 85.

Sikuacha ugali wala wali. Nilianzia kwenye dumu la mafuta. Nyumbani tuko wanne, dumu la lita tano lilikuwa linaisha siku kumi na nane. Siku moja nikakaa na kalamu: lita tano ugawe kwa siku kumi na nane ugawe kwa watu wanne, kila mmoja wetu alikuwa anakula mililita karibu sabini za mafuta kwa siku, yaani zaidi ya vijiko vinne vya mezani. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Kumbe kila mtu pale mezani alikuwa anakula kalori zaidi ya 500 za mafuta ya kupikia tu, kabla hujahesabu kipande cha chakula.

Mke wangu alikuwa anamimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja, anazungusha mkono kwenye sufuria, chu chu chu, basi. Tukakubaliana anapima kwa kijiko. Mwezi wa kwanza tuligombana, alisema mchicha unakuwa kama wa hospitali. Tukaongeza nyanya na vitunguu, tukawa tunaufunika uive kwa maji yake. Sasa dumu linafika wiki tano. Kitu kingine ni chai: nilikuwa naweka vijiko vitatu vya sukari, kikombe cha asubuhi, cha saa nne na cha jioni. Nilishuka kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Sikuumia.

Mzalendo_Halisi
Mnapoteza muda na mafuta. Adui ni ugali. Mimi nimekata ugali, wali, viazi, mkate, nimeshuka kilo 8 kwa mwezi.

MkulimaWaMbozi
Babu yangu alikula ugali mara mbili kwa siku hadi alipofariki, na mkanda wake hadi leo haunifungi mimi mjukuu. Ugali umewakosea nini?

Mzalendo_Halisi
Babu yako alilima kwa jembe la mkono tangu alfajiri. Wewe unalima?

MkulimaWaMbozi
Nalima, mkuu. Soma jina.

BabaZawadi_Mza
Mzalendo, hongera kwa kilo 8, ila umefikisha mwezi mmoja tu. Rudi utuambie mwakani, na sisemi kwa ubaya. Mimi ugali nilipunguza ukubwa, zamani nilikula tonge kama kumi na nne, sasa saba, mboga ndiyo inajaza sahani, na maharage au dagaa lazima viwepo maana nikila ugali na mboga tupu saa kumi nasikia njaa.

MwanaLikoni
Mie naongea kutoka Mombasa. Kilichoniponza ni mahamri. Asubuhi matano na mbaazi za nazi, na Ramadhani ndiyo usiseme: mwezi wa kufunga mimi nautoka nimeongeza kilo tatu. Futari viazi vya nazi, tambi za sukari, kaimati, halafu daku wali. Mwaka huu nilifuturu kwa tende na uji, nikaswali, ndipo nikala, na vya kukaanga nikaweka Ijumaa tu. Sikupungua mwezi ule. Ila sikuongeza, na kwangu hilo lilikuwa kubwa.

BintiLushoto
Nimeanza kuandika hapa mara tatu nikafuta. Mliposema habari za kujinyima imenirudia yote.

Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari, anameza glibenklamidi asubuhi na jioni. Miguu ilikuwa inamuuma, daktari akasema apunguze uzito. Mimi ndiye niliyesoma soma mitandaoni, nikamwambia mama, tunakula mlo mmoja, saa tisa alasiri, basi. Alinikubalia kwa sababu ananiamini, mimi ndiye niliyesoma nyumbani kwetu. Dawa akaendelea kumeza vilevile. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza.

Usiku wa tatu, saa tisa hivi, nikasikia sufuria imeanguka. Nikatoka. Mama amekaa sakafuni jikoni, gauni limelowa jasho kama kamwagiwa ndoo, mkononi ameshika upawa. Nikamwita, akaniangalia, akaniita jina la marehemu dada yake. Akawa anasema ng'ombe wametoka, ng'ombe wametoka. Hatuna ng'ombe tangu mwaka 2009.

Jirani walikuja. Mmoja akasema ni mapepo, wakaanza kukemea, na mimi nikapiga magoti pale nikakemea nao. Dakika ngapi zilipita sijui. Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili, baba yake ana ugonjwa huohuo. Alisema, huyu sukari imeshuka, bado anameza? Tukamnywesha soda kidogo kidogo, nyingine inamwagika kifuani. Kisha akaanza kulegea, kijana akasema acheni kumpa, atapaliwa. Tukambeba hadi kituo cha afya. Kipimo cha sukari kilisoma 1.9, chini mno.

Wakamtundikia glukosi. Alipozinduka akauliza kwa nini tumemfunga kanga ya mgeni. Nilitoka nje nikalia. Walimzuia hadi jioni ya siku ya pili, kwa sababu dawa ile inakaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Daktari aliuliza, nani alimpangia kula mara moja? Mama akasema, mimi mwenyewe tu daktari, sikuwa na hamu ya kula.

Alinifichia. Hadi leo kwenye familia inajulikana hivyo.

ChausikuWaTabata
Binti Lushoto, mwili umenisisimka. Mama yuko salama sasa?

BintiLushoto
Yuko salama. Anakula mara tatu, kidogo kidogo, kamati ya kumsimamia ni mimi. Walimbadilishia dawa. Amepungua kilo tano kwa miezi minane, anatembea hadi sokoni na kurudi.

Mama_wa_Watatu
Umenitoa machozi. Mama zetu hawa.

Kipanga_Jr
Ndiyo maana mimi kufunga kufunga huku sikutaki kabisa.

Mzalendo_Halisi
Usilaumu kufunga. Watu wanafunga miaka na miaka wako salama. Tatizo ni dawa.

Kipanga_Jr
Tatizo ni watu wazima kuamini kila wanachosoma.

MfamasiaMstaafu
Kipanga, taratibu, binti ameshajihukumu vya kutosha. Mzalendo yuko sahihi nusu. Glibenklamidi inalazimisha kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Usipokula, insulini inaondoa sukari kidogo iliyobaki, na ubongo unaishi kwa hiyo sukari, ndiyo hayo ya kutaja ng'ombe. Anayetumia dawa hiyo, au sindano ya insulini, akitaka kubadilisha ratiba ya kula aanzie kwa daktari ili dozi ibadilishwe kwanza. Na huyo wa bodaboda apewe heshima yake: mgonjwa anayemeza apewe kitu cha sukari haraka, asiyemeza asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe.

Mtu mzima asiye na dawa wala ugonjwa akiruka mlo mmoja hadhuriki, wapo wanaofaidika. Profesa Janabi, yule daktari wa moyo, akiwa hospitali ya Muhimbili alitusisitiza sana kula kidogo na kupunguza sukari, na mimi mwenyewe niliacha sukari kwenye chai kwa kumsikiliza. Ila mwili wa mtu na dawa zake anazijua daktari wake.

BibiWaPangani
Wanangu mimi sina mzani. Napima kwa kanga. Kanga ni ileile, nimeitenga, sivai kwa shughuli nyingine. Kila Ijumaa baada ya kuoga najifunga, naangalia pindo limepita kitovu kwa vidole vingapi. Mwaka jana mwezi wa tatu halikufika kitovuni. Sasa limepita vidole vinne. Nimeacha soda na nimeacha kumalizia makombo ya wajukuu, hayo mawili tu.

Mama_wa_Watatu
Makombo ya watoto! Bibi umenigusa, mimi nakula sahani yangu na nusu ya kila mtoto.

Kipanga_Jr
Mimi napima kila asubuhi.

BabaZawadi_Mza
Kila asubuhi itakuumiza roho. Mzani unapanda na kushuka kilo moja au hata mbili kwa chumvi na maji tu. Mimi ni Jumamosi, kabla ya chai. Na dada Chausiku, jiandae: mimi nilikaa kwenye 87 wiki saba bila kutikisika. Mwili ukiwa mdogo unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo sahani iliyokushusha mwanzoni baadaye inakuweka palepale. Nilitaka kuacha. Mke wangu akanionyesha mkanda, nilikuwa nimehamia tundu lingine. Nikaongeza kutembea, nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani, dakika arobaini.

MkulimaWaMbozi
Kutembea bila kupunguza sahani ni bure lakini. Nusu saa ya kutembea haimalizi hata chapati moja ya mafuta.

MwanaLikoni
Si bure ndugu. Mie tangu nianze kutembea presha imetulia, na usingizi napata.

Mlinzi_wa_Usiku
Na sisi wa zamu za usiku tunakulaje? Saa nane usiku karibu na lindo kuna chipsi mayai tu.

Mama_wa_Watatu
Mimi ni muuguzi, usiku ni nyumbani kwangu. Kula chakula chako kikuu kabla hujaingia zamu, beba mahindi ya kuchemsha au ndizi na karanga za kiganja kimoja kwa saa nane, asubuhi kula kidogo ulale. Tatizo si saa yenyewe peke yake, ni kwamba saa ile kilicho wazi ni karai la mafuta tu.

ChausikuWaTabata
Nimesoma yote, wengine mara mbili. 87 kwanza. Nimeshamwita dada wa jikoni tumelitazama dumu pamoja. Baba Zawadi, hicho kijiko mnachopimia ni kile kikubwa cha kupakulia au cha kulia wali?

BabaZawadi_Mza
Cha kulia wali, dada. Viwili kwa sufuria ya mboga ya watu wanne. Mkikaanga kitunguu na kinaanza kushika, ongezeni maji kidogo, msirudi kwenye dumu.