Mafundi wa blaindi Dodoma, kale kamfuko kadogo mnakatupa wapi?

Wakuu, habari za saa hizi. Hili jambo limenikera vya kutosha, leo naliweka wazi.

Blaindi ya rola, yaani pazia la kitambaa linaloviringishwa kwenye bomba, ikitoka dukani ikiwa kamili inakuja na kamfuko ka nailoni ndani ya boksi. Humo mna skrubu, plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, na kidude cha plastiki chenye ukubwa wa kidole gumba, kina matundu mawili ya skrubu na mfereji wa kupitisha mnyororo wa shanga. Kazi yake ni kuubana mnyororo ukutani usining'inie. Sasa ingia kwenye nyumba mpya za Iyumbu, Nzuguni au Ilazo: mnyororo unaning'inia kama kitanzi mpaka usawa wa kochi, kidude hakipo. Fundi kafunga breketi mbili za kubeba blaindi, kachukua hela, kamfuko kameondoka na boksi jalalani.

Mnajua mnachokiacha ukutani? Mnyororo ule ni duara. Mtoto wa miaka miwili anapanda kochi achungulie nje, kichwa kinaingia, mguu unateleza, uzito wake mwenyewe ndio unaomkaba. Hapigi kelele kwa sababu koo limebanwa. Haifiki dakika moja, na aliye jikoni hasikii kitu. Marekani mwaka 2009 walitangaza kurudishwa kwa blaindi zaidi ya milioni 50 kwa sababu ya kamba zinazoweza kumkaba mtoto, na tangu mwisho wa 2018 kiwango chao kinataka zile zinazouzwa zikiwa tayari dukani ziwe hazina kamba, au kamba iwe mahali mtoto hafiki. Sisi tunashindwa skrubu mbili!

Kukifunga ni hivi. Shusha kitambaa chote. Pitisha mnyororo kwenye mfereji wa kidude, kivute chini kabisa kadiri mnyororo unavyofika, mpaka pande zote mbili zinyooke lakini bado zizunguke bila kukwama. Ukivuta kupita kiasi unaila klachi ya juu, ile gia inayozungushwa na mnyororo. Tia alama kwa penseli, toboa, plagi, skrubu, basi. Zile blaindi za vipande vya alumini za kuvuta kwa kamba, kishikio cha kuzungushia kamba kikae juu, si chini ya sentimita 150 kutoka sakafuni, na kamba yote izungushwe pale kila baada ya kuvuta. Kitanda cha mtoto na makochi yasikae chini ya dirisha hilo.

La pili linalonikera ni breketi kung'oka. Mnaweka plagi ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 3 kwenye lipu ya sentimita 2. Maana yake sehemu kubwa ya plagi imeshikwa na lipu, tofali limeguswa kwa sentimita moja tu. Upepo wa kiangazi wa hapa Dodoma ukipiga kitambaa wiki mbili, tundu linakuwa unga. Tumieni plagi ya milimita 8 na skrubu ya sentimita 6 au 7, toboeni shimo refu kidogo kuliko skrubu, pulizeni vumbi litoke, halafu sukumeni plagi ipite lipu ikae ndani ya tofali. Juu ya dirisha kuna lenta ya zege, na najua mnaikwepa kwa sababu drili ya kawaida haiingii. Kodini drili ya kugonga. Ukikuta nondo, sogea sentimita mbili tatu, usilazimishe.

Pima maji nayo mnaiacha nyumbani. Breketi moja ikizidi nyingine kwa milimita chache tu, kitambaa kinakimbilia upande mmoja kila kinapoviringishwa, ukingo unachanika. Kwa blaindi ya kukaa ndani ya dirisha, pimeni upana juu, katikati na chini, mchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Kuta zetu hazijanyooka, mnalijua hilo kuliko mimi.

Jibu #2
Mkuu, kwa kidude nakuunga mkono. Ila wateja nao wananunua blaindi ya urefu wa mita 2 kwa dirisha la mita 1.2. Mnyororo unagusa sakafu, hapo kidude nakifungia wapi?

Jibu #3 (mwanzisha uzi)
Unaufupisha, mkuu. Mnyororo wa plastiki unakatwa kwa mkasi kati ya shanga na shanga, wa chuma unakatwa kwa koleo. Kama ulikuja na kile kiungio cheupe cha kuachia, unganisha kwa hicho hicho. Kimetengenezwa kiachie kikivutwa kwa uzito wa mtoto. Wapo wanaofunga kwa waya wa baindi au gundi ya papo hapo, na hapo umekiua kabisa. Kiungio hakikuondolei kidude, vyote viwili vinakaa. Ukimaliza, angalia ile shanga kubwa ya kuzuia iko mahali pake: kitambaa kikifika chini, yenyewe iwe imegota kwenye klachi. Isipokuwepo, mtu ataendelea kuvuta, kitambaa kiishe kwenye bomba na kuanza kujiviringisha kinyume, na siku moja kitabanduka.