Goroli za gobore ninazosubu zina makunyanzi na uzito haulingani. Niongeze moto?

Kasiba_Ndefu:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwenye jambo linaloninyima usingizi tangu nianze kusubu goroli zangu mwenyewe, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu yatoke risasi za mviringo.

Gobore langu, bunduki ya kushindilia kutoka mdomoni, ni la fataki, kaliba (upana wa kasiba) .50, na kasiba ina mifuo ndani, ile mifereji ya kuizungusha goroli. Kalibu ni ya alumini, ya matundu mawili, inatoa goroli za milimita 12.45. Madini niliyotumia ni vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari, nimepewa ndoo nusu na rafiki mwenye karakana. Nayeyushia nje kwenye sufuria ya chuma, juu ya jiko la gesi.

Goroli kumi za mwanzo zilitoka na makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Baadaye zikawa laini, nikafurahi. Lakini kwenye mizani nyingi zikasoma gramu 11.1, nyingine 10.9, na mbili zikashuka hadi 10.6, na zote zimetoka kalibu ileile. Jumamosi nikaenda kulenga shabaha. Ya tatu ilikwama katikati ya kasiba, mdeki, ule ufito wa kushindilia, ukagoma kabisa. Sikufyatua, niliitoa kwa skrubu ya kuvutia. Mikono ilinitetemeka hadi nafika nyumbani.

Msimu wa kuwinda unakaribia na sitaki kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini. Je, niongeze moto, au kalibu ndiyo mbovu?

Fataki2:
Pole mkuu. Makunyanzi ni kalibu baridi tu. Ongeza moto mpaka goroli zianze kutoka na weupe kama ukungu, halafu punguza kidogo. Kalibu ya alumini hupoa upesi, usisimame kupumzika kati ya mmiminiko na mmiminiko.

Mzee wa Kalibu:
Kijana wangu Kasiba_Ndefu, umefanya vyema sana kutofyatua. Goroli ikisimama katikati ya kasiba huku baruti iko chini, nafasi iliyo katikati yake inaweza kuvimbisha kasiba au kuipasua usoni kwako. Kabla hujasubu nyingine hata moja, tia alama mbili kwenye mdeki: ya kwanza mdeki ukiwa umefika mwisho wa kasiba tupu, ya pili ukiwa umekaa juu ya goroli iliyoshindiliwa sawasawa kwenye baruti unayotumia siku zote. Alama ya pili isipofika mdomo wa kasiba, hakuna kufyatua.

Sasa kwenye madini. Lugha yetu imevipa jina moja, risasi, kitu kinachoyeyuka sufuriani na kitu kinachotoka kasibani, basi nitasema "madini" na "goroli" tusichanganyane.

Fataki2 amesema kweli kuhusu kalibu baridi, lakini kwa ndoo yako wewe, tafadhali usiongeze moto. Vipande vya magurudumu havifanani. Vingine ni madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni inayoyafanya magumu, vingine ni chuma, vingine ni zinki. Madini safi ya risasi huyeyuka kwenye digrii 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Ukikaa chini ya 400 na kipimajoto kikiwa ndani ya sufuria, vipande vya zinki huelea juu na unavichota na kijiko. Ukipita 419 vinayeyuka na kuingia humo, na hapo sufuria nzima imeharibika: uso unakuwa mzito kama uji na kalibu haijai tena. Nilishapoteza kilo nane hivyo. Sikupata njia ya kuziokoa.

Hata ukivitoa zinki vyote, bado hayo si madini ya gobore. Mizani yako imeshakwambia. Goroli ya milimita 12.45 ya madini safi inatakiwa ikaribie gramu 11.46. Zako bora zimesimama kwenye 11.1 kwa sababu antimoni ni nyepesi. Na madini yenye antimoni yakipoa husinyaa kidogo kuliko yaliyo safi, kwa hiyo goroli inatoka nene kwa unywele na ngumu. Ile safi ikibanwa na kitambaa chenye mafuta inachozungushiwa wakati wa kushindilia, inakubali kufinyangwa na kitambaa kinashika mifuo. Hiyo yako haikubali. Ndiyo iliyokwama.

Tafuta madini laini. Mabomba ya zamani ya maji ni mazuri, ila kata na utupe maungio yake, maana yana bati la kulehemu. Mabamba ya kuezekea kingo za paa ni mazuri, na yale ya kuta za vyumba vya eksirei mazuri zaidi. Jaribu kwa ukucha wa kidole gumba: madini safi yanachorwa bila shida. Yaangushe kwenye saruji, yatalia *pu*, mlio mfu. Yakilia kama kengele, yaache. Betri za gari usiziguse. Ndani mna antimoni na mara nyingine aseniki, na uchafu wake ukipata unyevu unaweza kutoa gesi ya kuua.

Ukishapata hayo madini safi na una uhakika nayo, hapo sasa unaweza kupanda digrii 400 na ushei. Tia kipande kidogo cha nta ya nyuki, koroga hadi chini, kitawaka moshi, usiogope, kisha kwangua uchafu wa juu. Kalibu isafishe mafuta yote, iegemeze ukingoni mwa sufuria ipate joto, na goroli sita au saba za mwanzo zirudishe bila kuzihurumia. Mimina kwa mkupuo mmoja na uache kidimbwi cha madini juu ya bamba la kukatia lililo juu ya kalibu, kinene. Wengi hukosea hapo. Madini yanapopoa husinyaa na kunyonya kutoka juu. Kidimbwi kikiwa kidogo, goroli hunyonya hewa na kubaki na tundu ndani usiloliona. Zile zako za 10.6 zina tundu, naweza kuapa. Goroli yenye tundu huyumba hewani, na anayelipa ni mnyama. Subiri kidimbwi kipoteze mng'ao, gonga bamba kwa mti, si kwa chuma, na uangushie goroli kwenye kitambaa kilichokunjwa.

Kuhusu maji sitazunguka. Tone moja likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, linapanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na sufuria nzima inaruka. Jasho la paji la uso linatosha. Kipande chenye umande kinatosha. Kila unachoongeza kikaushe kwanza ukingoni. Miwani mizima, glovu za ngozi, viatu vya kufunika, mikono mirefu. Sufuria isiwe ya alumini, na isirudi kupikia kamwe.

Na sasa lile linaloniuma. Nilipokuwa kijana nilisubia barazani, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Nilijilinda na moshi, nikidhani hatari iko kwenye moshi. Binti yangu alikuwa anatambaa wakati huo. Alipoanza kukataa chakula na kulia tumbo tukampeleka kliniki, na daktari akauliza baba anafanya kazi gani. Damu yake ilikuwa na sumu ya madini ya risasi. Haikutoka kwenye moshi. Ilitoka kwenye vumbi la kijivu la ule uchafu niliokuwa nakwangua, likashika suruali yangu, nami nikambeba mapajani. Mwilini mwa mtoto hakuna kiwango cha madini haya kinachojulikana kuwa salama. Amekua sasa, ana watoto wake, lakini sijasahau uso wa mama yake siku ile. Subia nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Uchafu uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Usile, usivute sigara. Nguo za kusubia ziwe zake, zifuliwe peke yake, na unawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Nyayo:
Naongeza moja. Angalia sheria za unakowinda kabla hujasubu goroli mia. Kuna sehemu madini haya hayaruhusiwi kabisa kwenye uwindaji; California kwa mfano tangu Julai 1, 2019. Na hata yanaporuhusiwa, kata nyama pana kuzunguka jeraha na uitupe mbali na mbwa na ndege.

Kasiba_Ndefu:
Shikamoo Mzee. Nimesoma maneno yako mara tatu, na ya binti yako nimemsomea mke wangu. Tuna mtoto wa miezi tisa. Nguo za kusubia nimezitundika bandani, hazitaingia ndani.

Ndoo ile nimeirudisha karakana. Nimepata bamba la paa la zamani, linachorika kwa ukucha. Jana nimesubu arobaini: thelathini na moja zimesimama kati ya gramu 11.40 na 11.48, tisa nimezirudisha sufuriani. Kwenye shabaha zimeshuka kasibani kwa mkono mmoja na alama ya mdeki imefika kila mara. Swali moja limebaki: kile kitovu, pale madini yalipoingilia, kikae wapi wakati wa kushindilia?

Mzee wa Kalibu:
Marahaba mwanangu. Kielekeze juu, katikati kabisa, ukione ukichungulia mdomo wa kasiba, na uweke hivyohivyo kila goroli. Kikikaa upande, kila goroli itakwenda na njia yake.