Wanafunzi wanachanganya "his" na "her": nianzie wapi?

Chaki_Igoma:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha tuisheni ya kidato cha kwanza hapa Igoma. Kwenye insha kosa linalojirudia ni "Neema is selling his fish", na mstari unaofuata "he goes to Mwaloni". Wanajua fika Neema ni msichana. Wapo pia wa "My mother she sells dagaa". Jedwali la viwakilishi wamelikariri lote, ila wakianza insha linapotea. Nifanyeje?

Sarufi_Kirumba:
Mwalimu, jedwali liweke pembeni kwanza. "Anauza" yetu ni ya Neema na ni ya Juma, haibagui. Tena "-ake" inafuata kitu kinachomilikiwa: ndoo yake, kisu chake, samaki wake. Mtoto amezoea kutazama kitu, wakati Kiingereza kinamtaka amtazame mwenye kitu.

Mpime kwa "Neema na kaka yake". Wengi wataandika "Neema and his brother", kisa kaka ni mwanamume. Sahihi ni "her brother", maana mwenye kaka ni Neema.

Zoezi lenyewe: kabla ya kuandika "his" au "her", wachore mshale kwa penseli kutoka kwenye kitu hadi kwa mwenyewe, ndipo wachague. Sentensi 10 kwa siku zinatosha, lakini angalau nusu ziwe za jinsia mbili tofauti: Juma na dada yake, Neema na baba yake. Ukitoa za jinsia moja tupu watapata zote kwa kubahatisha, na wewe utadhani wameelewa.

Hiyo ya "My mother she sells" chanzo chake ni kiambishi "a-" cha "mama anauza". Kwetu ni lazima kiwepo. Kitenzi cha Kiingereza hakikihitaji, kiima kimoja kinatosha. Afute "she".

MtuWaZiwa:
Niongezee hapo kwa Sarufi. Angalia na "The canoe that I bought it". Ni "mtumbwi nilioununua": ile "-u-" ya yambwa (kitu kinachotendewa) ndiyo imegeuka "it". Kiingereza kikishaweka "that", "it" haina kazi tena.

Kwenye majibu mafupi mambo yanageuka. "Umeosha nyavu?" "Ndiyo, nimeosha." Kwetu imekamilika. Kwao "Yes, I washed" inaning'inia, akitumia kitenzi hicho aongeze "them": "I washed them".

Na hili walimu wengi hulipitisha: "Tulienda Ukerewe na Juma" kwetu huweza kuwa watu wawili tu, mimi na yeye. "We went to Ukerewe with Juma" ni watu watatu au zaidi. Kama walikuwa wawili, aandike "Juma and I went to Ukerewe".

Chaki_Igoma:
Asanteni sana wakuu. Sasa "The headmaster called Juma and I" nimpe vema?

Sarufi_Kirumba:
Hapana mwalimu. Mwambie amtoe Juma asome kinachobaki: "called I". Atasikia mwenyewe. Ni "Juma and me", na vivyo hivyo baada ya kihusishi: "between you and me", "for him and her". Ila akiandika "Somebody left their bag", usimkate alama. "Their" ya mtu mmoja asiyejulikana jinsia ni ya karne nyingi kwenye Kiingereza, na inakubalika.