Tunaopanda treni ya Pugu hapa Dar asubuhi, kahawa mnainywaje?

Mtu wa Pugu:
Wakuu, habari za asubuhi. Mimi bila kahawa chungu kichwa hakikai sawa mpaka saa nne. Karibu na kituo kuna mzee ana birika lake, jiko la mkaa chini, vikombe anavigonganisha tangu giza halijatoka. Tatizo kahawa yake ni moto kweli kweli, kikombe ni chake lazima nikirudishe, na treni haimngoji mtu anayepuliza. Juzi honi ikalia, nikabugia yote kwa mkupuo. Mpaka leo pilipili siisikii.

Jana nikajifanya mjanja, nikamwambia anitilie kwenye chupa ya maji. Ile plastiki ikajikunja yenyewe! Kufika Karakata kahawa yote iko kwenye shati la kaka mmoja aliyesimama mbele yangu. Shati jeupe. Hakunitukana, aliniangalia tu mpaka Kamata. Bora angenitukana.

Sasa nimenunua chupa ndogo ya chai, napika mwenyewe usiku. Lakini nikiifungua Buguruni kwa Mnyamani, ladha kama maji ya kulowekea kamba. Nakosea wapi?

Bi Kashata:
Pole mwanangu. Kosa ni kuipika usiku ukaimimina na mashapo yake. Humo ndani ya joto mashapo yanaendelea kutoa uchungu usiku kucha, tena ule mbaya. Pika alfajiri. Tangawizi mbichi iponde, ichemke na maji kwanza, kahawa ifuate. Epua, iache itulie, ichuje kwa kitambaa. Chupa nayo itie maji ya moto dakika tano, uyamwage, ndipo uijaze. Chupa baridi inakunyang'anya joto mapema. Unatumia kahawa gani? Ya Bukoba ni robusta, kali, inakufaa kichwa hicho. Ya Kilimanjaro ni arabika, laini zaidi. Sukari usitie, kashata ina kazi gani?

Abiria Mkongwe:
Mimi nilianza na ile ya Ubungo mwaka 2012, tuliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri. Kijana, ndani ya behewa usinywe kitu. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili unalinda mfuko wa suruali. Wa kahawa ni wa tatu, unao? Shuka Stesheni, tafuta kijiwe, kaa kwenye benchi unywe kistaarabu huku unasikiliza Simba na Yanga.

Mtu wa Pugu:
Mzee wangu, kazini naweka dole saa moja na nusu. Simba na Yanga nikiwaanza, nafika saa tatu.

Bi Kashata, nimefuata yote leo, ya Bukoba na tangawizi. Nimefungua Vingunguti, bado ya moto, na dada wa pembeni akauliza nimeinunua wapi. Shikamoo yako iko pale pale.

Ila mzee wa birika kaniona napita, akaniita: "Siku ya pili hii huji, unaumwa?" Chupa nikaificha nyuma ya mgongo kama mwizi. Ikabidi ninunue kikombe kimoja. Honi ikalia. Nimeungua tena.