Filamu ya Kevin kwa Krismasi: picha ipo, sauti hakuna

Swali (Himbi, Goma): Jamboni. Tarehe 24 tunawaonyesha watoto wa avenyu "Maman, j'ai raté l'avion" (Home Alone), ile ya mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani. Kwenye kompyuta inasema vizuri, ila flashi ikichomekwa kwenye televisheni inatoa picha bila sauti. Tena, betri moja ya 12 V, 100 Ah itatosha?

Jibu 1: Ndugu, karibu hakika sauti ya faili iko kwa DTS, aina ya kurekodi sauti ambayo televisheni nyingi haziisomi. Fungua programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+R, acha video ilivyo, geuza sauti tu iwe ya aina ya AAC. Faili ikizidi GB 4, flashi ya FAT32 (moja ya mipangilio ya kuhifadhi faili) itaikataa. Ifomati kwa mpangilio mwingine, NTFS, lakini toa kwanza vilivyomo, maana vyote vitafutika. Jaribuni tarehe 23, si saa ile watoto wameshakaa!

Jibu 2: Betri inatosha. Filamu ina dakika 103. Televisheni ya W 80 na spika ya W 40, ukiongeza kinachopotea kwenye inverta (kigeuza umeme wa betri), ni kama Wh 240. Betri yenu ni 12 × 100, yaani Wh 1200; ikiwa ni ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Wh 600. Spika iwe katikati ya watoto: mvua ikipiga bati, hamtasikia kitu.

Jibu 3: Hakikisheni ni ile ya 1990 ya Chris Columbus, ya 1992 ni sehemu ya pili, ya New York. Na tafadhali, msiruke sehemu ya kanisani ili mfike haraka kwenye makopo ya rangi yanayoning'inia ngazini. Pale mzee Marley, jirani anayeogopwa, anapokaa kando ya Kevin, kwaya ikiimba, ndipo moyo wa filamu ulipo.