Hati imebatilishwa kwa deni la kodi, lakini mikorosho ni ya mama: fidia ni ya nani?

Habarini ndugu zangu. Mwaka 1998 mzee mmoja mwenye hati alimruhusu mama yangu, kwa mdomo tu, kulima kipande cha lililokuwa shamba la mkonge nje kidogo ya Lindi mjini, naye akapanda mikorosho ambayo mpaka msimu uliopita tumeiokota sisi. Mzee amefariki, wanawe hawakulipa kodi ya pango la ardhi kwa miaka mingi, na sasa tumearifiwa kwamba milki imebatilishwa na wathamini watapita. Wanawe wanadai fidia yote kwa kuwa hati ina jina la baba yao, na ametokea mtu mwenye mkataba wa kuuziwa nusu ya eneo. Nani hulipwa, na deni linakatwa kwa nani?

Mthamini Mstaafu: Dada, ulizeni kwanza kama huu ni ubatilisho wa milki au ni utwaaji, yaani serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, maana watu wengi huvichanganya. Katika ubatilisho, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi tupu hailipwi. Hulipwa maendelezo yaliyopo juu yake, yaliyofanywa kwa kufuata masharti ya hati, tena baada ya kukatwa kodi inayodaiwa, gharama na faini. Kwa hiyo wana wa mzee wanaweza kugombania kiasi ambacho deni la baba yao limekwisha kukimeza, na hapo ndipo penye hatari: mikorosho ya mama ikiandikwa kwa jina lao, itawasaidia kulipa deni ambalo si lake. Hakikisheni miti inahesabiwa na kuandikwa kwa jina lake mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na asisaini fomu asiyosomewa.

Mwana wa Mingoyo: Sisi tulikubali miti iandikwe kwa jina la ndugu mmoja ili kazi iishe mapema. Fedha zilipotoka, alisema yeye hatujui.

Wakili wa Kijijini: Naongeza jambo ambalo pengine hamtalipenda. Msitegemee miaka 12 ya ukomo wa madai, yaani muda ambao ukipita mwenye ardhi hawezi tena kuidai mahakamani, kwa sababu aliyeingia kwa ruhusa hawezi kusema alimiliki kinyume na mwenye eneo. Simamieni miti, acheni udongo. Ruhusa hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayoonyesha kwamba mama si mvamizi. Mnunuzi naye, kama mauziano hayakusajiliwa, ana mkataba tu, na madai yake yanawaelekea warithi wa aliyemuuzia. Warithi wenyewe wanahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikiwa huu ni utwaaji chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, mgogoro kuhusu nani anastahili au nani apate kiasi gani, usipomalizika ndani ya wiki sita tangu kutangazwa notisi ya utwaaji, hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Mtwara.

Mleta uzi: Nashukuru sana. Leo tumehesabu: mikorosho 63, minazi 4. Jirani aliyekuwepo siku ya ruhusa bado yu hai, ingawa macho yamemwishia, na amekubali kutoa ushahidi kwa maandishi. Kesho nakwenda kuuliza kuhusu ile notisi.